Ufunguzi wa Makumbusho ya Machimbo ya Kilimani

Mheshimiwa mwakilishi wangu, ambaye leo hakuniwakilisha kwa kuwa nimekuja mwenyewe. Waheshimiwa wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na wanaowakaimu makaimu. Wadau wa maendeleo mlio hemani. Wachimbaji mlio juani. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka hemani.)

Nimepanda kilima hiki, kilele cha kisiwa chetu, kwa gari lenye kiyoyozi, na bado nimetokwa na jasho la uzalendo. Tangu enzi za babu zenu mnachimba madini hapa, na mila yenu kuu, kwa mujibu wa fizibiliti stadi iliyofanywa na shemeji yangu, ni kengele: mtu mmoja hubaki mdomoni mwa shimo, akiona udongo unacheza anaigonga, na walio chini wanapanda mbio. Mila hiyo ina impakti ya asilimia mia moja na kumi. Ndiyo maana serikali, yaani mimi, niliichukua kengele hiyo mwaka jana ikae makumbusho, mahali inapostahili.

Naambiwa siku hizi mnagonga sufuria. Huo ni ubunifu, hongereni. (Mjane anayelinda shimo: "Sufuria haisikiki chini, baba. Juzi udongo ulimfunika mwanangu, tukamfukua kwa mikono. Tunaomba kengele yetu.") Pole sana, mama yangu. Suala lako nimelipokea, nitalikabidhi kwa kamati ndogo itakayoiandalia kamati kubwa hadidu za rejea. Ila tusiwe watu wa kulalamika. Mwanao yu hai, na haraka haraka haina baraka. (Minong'ono. Sauti: "Si ashuke shimoni yeye basi.")

Urithi juu! ("Kengele yetu.") Urithi juu zaidi! ("Kengele yetu.") Naona tunakwenda pamoja.

Kwa heshima na taadhima, nakata utepe na kutamka kwamba makumbusho haya yamefunguliwa rasmi. (Anakata.) Tafadhali msivuke upande wa pili, hapo ni genge, mtaporomoka hadi baharini. Nawashukuru vijana walioushika utepe, kwa kuwa hatukuwa na ukuta wa kuufungia, wala nguzo, wala, kusema kweli, mpango wa kujenga. Na kengele isiwatie wasiwasi: iko salama getini kwangu mjini, mgeni akiigonga mlinzi anafungua. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Mjane amekwishaingia kwenye gari la mheshimiwa, kiti cha mbele, amefunga mkanda. Anamwambia dereva: "Twende getini, mwanangu.")