Kuhusu Mshauri Anayemwuliza Binti Yangu Anapenda Nini

Kapkatet,
Alhamisi, 6 Machi 1958

Kwa Bwana Mkuu wa Chuo cha Walimu

Bwana Mkuu Mpendwa,

Pokea salamu za mtu ambaye hajapata kukuandikia, na ambaye asingekuandikia leo kama roho yake ingekuwa imetulia. Mimi ni Yeremia arap Mosonik, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa, na baba wa mwanafunzi wako Chepkemboi, aliyeingia chuoni mwezi wa Januari ili afundishwe ualimu. Nimesali siku tatu kabla ya kushika kalamu. Siku ya kwanza niliomba nipewe upole. Siku mbili zilizobaki niliomba tena kitu hicho hicho.

Shauri langu ni Mwalimu Syprose, ambaye chuo chako kimemweka kuwa mshauri wa masomo wa wanafunzi wapya. Sina neno juu ya tabia yake. Nasikia anavaa kwa heshima na anafika kazini kabla ya kengele. Neno langu ni juu ya kazi yenyewe, nami nitalipanga kwa namba ili usipate taabu kulifuata.

1. Mwezi wa Januari chuo kilituletea kadi ya kujaza. Palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Jina la mshauri". Nilitia jina langu kwa wino mweusi, pamoja na cheo changu kanisani, kwa kuwa tangu Chepkemboi azaliwe sijaona mtu mwingine akimshauri. Mahali pa masomo aliyochagua niliandika "Kufundisha watoto wadogo", kama baraza letu la wazee lilivyopiga kura, mikono saba juu na hakuna aliyepinga. Chepkemboi mwenyewe hakuwapo. Alikuwa jikoni akituandalia chai. Kadi ilirudi, jina langu limepigwa mstari mwekundu na la Mwalimu Syprose limeandikwa juu yake. Nakubali kwamba mstari ulipigwa kwa rula.

2. Binti yangu alipofika mbele ya mwalimu huyu mara ya kwanza, hakuambiwa atakachosoma. Aliulizwa: "Wewe mwenyewe, unapenda kufundisha nini?" Bwana Mkuu, nyumbani kwangu wamekua watoto tisa, hakuna hata mmoja aliyepata kuulizwa swali hilo, na wote wana afya. Chepkemboi, ndivyo alivyotusimulia alipokuja nyumbani juma lililopita, alinyamaza. Mwalimu akangoja. Akangoja mpaka kengele ikalia, kisha akamwambia arudi Alhamisi na jibu. Mtu mzima mwenye cheti, amekaa kimya akingojea maoni ya msichana wa miaka kumi na minane!

3. Mwalimu Syprose huwaagiza wanafunzi wapya wawe na daftari dogo, waandike maswali yao humo kabla ya kuja kwake, ili aibu isiwasahaulishe wakifika mlangoni. Tena huwaambia kwamba somo likiwashinda waje katika juma la pili, wasingojee mtihani. Sisi tuliposoma kwa wamisheni, somo likikushinda ulilificha jambo hilo kwa uvumilivu mpaka mwisho wa mwaka, na hivyo ukawa na siku moja tu ya huzuni badala ya nyingi. Chuo chako kinawanyima vijana malezi haya.

4. Jambo hili linaambukiza. Jumamosi Bilhah, mama watoto wangu, alitua sufuria mezani akasema, "Baba Chepkemboi, miaka ishirini na mitano nakupikia ugali, na hujaniuliza hata siku moja mimi napenda kula nini." Nikamwuliza. Hapo ndipo nilipokosea. Alisema viazi vitamu. Leo ni siku ya sita tunakula viazi vitamu.

Bilhah naye alikuwa amemsimulia mke wa mchungaji, kwa hiyo Jumapili mchungaji wetu alisimama akauliza washirika wanapenda wimbo gani. Tulikuwa watu mia moja na arobaini. Tulitaja nyimbo thelathini na moja. Tulirudi nyumbani bila kuimba hata mmoja, na mgeni wetu, mzee kutoka Sigowet, alisema mlangoni kwa sauti ya kusikika kwamba kwao watu bado wanaimba.

5. Jumanne nilikuwa nalima. Maksai wangu mweusi alisimama katikati ya shamba, na kwa kawaida akisimama hivyo namchapa. Siku hiyo nilijikuta nimezunguka mbele yake, nimeinama, namtazama usoni, nangoja. Owino mwenye lori alikuwa akipita barabarani. Alisimamisha gari akatoa kichwa nje: "Mzee, huyo anakukatalia nini?" Nilimpungia mkono aendelee na safari, kama inavyomfaa mzee wa kanisa.

6. Huenda ukasema kwamba mimi mwenyewe hufuata ushauri wa wengine. Ni kweli yupo Nyang'au, bwana shamba, kijana ambaye ndevu zake hazijakubaliana zitokee wapi. Ameniagiza nipande chai nusu eka, futi tano kwa futi mbili na nusu, na kwamba miche ikishastawi vizuri na kunifurahisha, niikate. Nitamtii. Lakini hilo ni tofauti kabisa, kwa sababu Nyang'au hajapata kuuliza mche wa chai unapenda nini. Ameniuliza mimi tu, mara mbili, nami nilimjibu kwa kirefu.

Na hapa naongeza lalamiko dogo. Nilikuwa nimepima shamba hilo siku mbili kwa kamba na vigingi, nikapata mashimo elfu moja na mia tatu, nikaagiza miche kwa kadiri hiyo. Chepkemboi alikaa kwenye ngazi ya mlango na penseli, na kabla chai yake haijapoa alisema, "Baba, ni elfu moja mia saba arobaini na mawili." Jumatatu Nyang'au alipiga hesabu yake mwenyewe juu ya boneti ya gari, akapata ya binti yangu. Nalitaja hili kwa masikitiko. Msichana wa namna hii hawezi kuridhika kuwafundisha watoto kuhesabu vidole, na sijui aliyemfanya hivyo ni nani.

7. Sasa nafika penye uchungu. Jumanne hiyo hiyo ya maksai nililetewa karatasi kutoka chuoni. Chepkemboi anaomba kuhamia kwa wale watakaofundisha hesabu katika madarasa ya juu. Inatakiwa sahihi ya baba, na karatasi irudi kabla ya Ijumaa, tarehe 21 Machi. Isiporudi, atabaki alipo miaka yote miwili. Bwana Mkuu, siku ya Krismasi nilisimama mbele ya kanisa nikaahidi kwamba binti yangu atafundisha watoto wetu wadogo katika chumba ambacho mabati yake nimeyapigilia kwa mikono yangu. Madawati mafupi yamekwisha kuchongwa. Mwalimu wa hesabu aweza kupelekwa mbali, hata Mulot. Nikitia sahihi, itanibidi nisimame tena mbele ya watu wale wale na kuyameza maneno yangu, nao wana kumbukumbu nzuri.

8. La mwisho ndilo zito kuliko yote. Chepkemboi alisahau daftari lake nyumbani. Nililifungua, kama baba awezavyo. Lina maswali kumi, kwa mwandiko ambao sina budi kuusifu. Tisa ni ya masomo. La kumi linasema: "Nitamwambiaje Baba bila kumvunja moyo?" Na chini yake, kwa penseli ya Mwalimu Syprose: "Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Yeye ndiye mshauri wako wa kwanza. Aliandika mwenyewe kwenye kadi."

Nilikasirika sana. Niliusoma ukurasa huo mara nne ili kuhakikisha kwamba nimekasirika. Kisha nikakumbuka kwamba siku zile alipokuwa nyumbani binti yangu alifungua kinywa mara mbili mezani, na mara zote mbili nilianza sala ya chakula.

Kwa hiyo, Bwana Mkuu, naomba kwa unyenyekevu kwamba kazi hii ya mshauri ifutwe, na maswali yote ya wanafunzi yajibiwe na baba zao kwa barua, zikipita kwanza kwa mabaraza ya wazee. Kama haiwezekani, naomba niruhusiwe kukaa ndani ya chumba cha Mwalimu Syprose kila Alhamisi, mkono wake wa kuume, nikinyamaza isipokuwa panapohitajika kusema. Sitaki kukiletea chuo gharama, kwa hiyo kiti nimekwisha kukituma jana kwa lori la Owino. Ni cha mti wa podo, kina mikono. Tafadhali asikikalie mtu mwingine.

Nisalimie walimu wote, wapishi, mlinzi wa lango ambaye nasikia anakohoa, na wanafunzi wote wapya. Msalimie na Mwalimu Syprose, nisije nikaonekana nimemruka. Bilhah anawasalimu, na ameuliza kama chuoni mnapika viazi vitamu.

Ni mimi, ndugu yako katika imani, mwenye kuhuzunika kwa heshima,

Yeremia arap Mosonik

Tanbihi, Jumatatu, 10 Machi. Barua hii ilichelewa kwa kukosa stempu, na katika siku hizo mambo kadhaa yametokea. Karatasi ya Chepkemboi imo ndani ya bahasha, imetiwa sahihi. Wino umetapakaa kidogo; ni jasho la mkono. Watoto wadogo watafundishwa na Dorcus, mkwe wa jirani yangu, aliyemaliza chuo mwaka juzi na anayekaa nyumbani tu. Nilimwendea nikamwuliza kama anapenda. Alinyamaza. Nikangoja mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Alisema anapenda tangu zamani, ila hakuna aliyemwuliza. Jana nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote. Walicheka, kisha wakaimba, wimbo mmoja, niliouchagua mimi.

Kiti kile kisiingizwe ndani. Kiwekwe nje ya mlango wa Mwalimu Syprose, penye ukuta. Alhamisi tarehe 20 nitakuja, nikikalie nikingojea zamu yangu. Nina daftari langu, na ndani yake swali moja tu: nitamwambiaje Chepkemboi kwamba nimesoma lake?