Nilivyoitibu Disketi ya Zamu za Maji

Jumatatu, 4 Machi 1985
Siku njema! Mradi wa maji hapa Same una kompyuta moja tu, na mwendeshaji ni mimi, si Eliufoo mpiga taipu. Kwenye disketi zimo zamu za maji za wakulima wa mpunga wa Kihurio. Leo nimemtoa Mama Lukia, mkwe wangu mtarajiwa, zamu ya usiku nikampa asubuhi. Aliyekuwa asubuhi, Bi Ernesta fulani, nimempeleka usiku. Posa imeiva! Mara nikasikia viatu vya Eliufoo. Nikachomoa disketi, taa nyekundu ya kuonyesha kompyuta inaandika bado inawaka.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Faili la zamu ni tupu! Meneja anataka zichapwe kesho. Nakala ya karatasi nilimpa muuza maandazi afungie. Karatasi zimeadimika mno. Bila zamu watu watapigana majembe mferejini, nami nitarudishwa kwetu Usangi kupalilia migomba. Nikaandika CHKDSK, amri ya kukagua disketi. Kompyuta ikaona vipande vilivyopotea, ikauliza kama ivikusanye. Y, yaani ndiyo! Nikamwambia meneja disketi imepona. Kuangalia, tupu. Y tena. Tupu! Chini kuna mstari mrefu wa Kiingereza. Nani ana muda wa kusoma?

Jumatano, 6 Machi
Nimepata akili. Nimemwita Eliufoo kwa upole, eti ndugu yangu njoo ujaribu, ili meneja akiingia amkute yeye kwenye kiti. Mjinga akakaa. Mjinga akasoma ule mstari! Akasema maana yake bila /F kompyuta inaigiza tu, haitengenezi kitu. Akaandika CHKDSK na /F. Zamu zote zikarudi, hata badiliko langu! Meneja akampongeza Eliufoo, zamu zikachapwa, lori likazipeleka Kihurio. Sifa achukue yeye. Mimi nimepona, nimekula ugali sahani mbili.

Jumamosi, 9 Machi
Mama Lukia ameniletea kikapu cha mchele! Eliufoo kaja amenuna. Kumbe Bi Ernesta ni mama yake mzazi! Amekesha mferejini na kandili, anauliza mwehu gani kapanga zamu hizi. Eliufoo ameapa kuzikagua. Nimemwahi: Bi Ernesta nimemrudisha asubuhi, usiku nimempeleka Mwanaidi fulani. Mara viatu vya Eliufoo. Nikachomoa, taa bado inawaka. Faili tupu tena, lakini safari hii sina hofu hata kidogo. Dawa yake naijua: CHKDSK, halafu Y.