Mkunga Aliyechorwa Mapezi

Kwa Mhandisi wa Barabara na Mitaa,
Ofisi za Kaunti, ghorofa ya pili, mlango wenye kitasa kibovu.

Bwana Mhandisi Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mezani pako pana nafasi ya kuiweka. Mimi ni fundi cherehani, kitindamimba wa Mama Mkunga, yule aliyezalisha watoto wa mtaa wetu kwa miaka arobaini na mmoja. Kaunti, kwa hisani yake, iliamua kuupa mtaa jina lake angali hai. Jumatatu vijana wako walikuja, wakachimba, wakasimamisha nguzo. Kibao kinasema MTAA WA MKUNGA. Chini yake pamechorwa samaki.

Najua mkunga wa uzazi na mkunga wa baharini huandikwa sawasawa. Lakini mmoja wao hana mapezi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Samaki mwenyewe ana meno kama msumeno. Mama amebakiwa na mawili, na hajawahi kumng'ata mzazi.

2. Tangu Jumanne watu wanapiga hodi kwangu na vikapu, wakiuliza kama samaki ni wa leo au wa jana. Mmoja nimempima suruali kwa lazima, asiondoke mikono mitupu.

3. Afisa wako wa historia alipofika, nilidhani amekuja kusahihisha. Kumbe alitaka kujua mto ulipita wapi. Nikamwambia, "Hapa hapajawahi kuwa na mto." Akaandika: mto ulikauka. Kitabu cha historia ya kaunti kinachapishwa mwezi ujao, na wajukuu zetu watasoma kwamba tulivuliwa kwa ndoano, hatukuzaliwa.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mama ana miaka themanini na sita, miguu imegoma, hajatoka nje tangu mvua zianze. Kila asubuhi ananiuliza, "Wameniandika vizuri?" Namjibu, "Vizuri sana, mama." Jumamosi kaka yangu dereva atampeleka akajionee. Nikimzuia, atajua. Nikimwacha, atajua zaidi.

Kwa hiyo naomba kibao king'olewe kabla ya Ijumaa jioni. Ikishindikana, uhamisheni mtaa mzima ufukweni. Tutafuata na vyombo vyetu. Hilo nalo likishindikana, nipeni kibali cha kuuza samaki.

Msalimie karani wako, mpiga muhuri, na mlinzi wa getini, ambaye mama alimpokea duniani akitanguliza miguu.

Wako mtiifu mpaka Ijumaa,
Fundi Cherehani, Mtaa wa Mkunga (wa uzazi)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, kaka ametokea leo Alhamisi bila taarifa, akambeba mama hadi kwenye nguzo. Mama alikitazama kibao kuanzia herufi hadi mapezi. Kisha akacheka mpaka kaka akamshika mabega. Akasema, "Mwanangu, kibao kisiguswe. Ila mwambie mchoraji arudi amchoree kitoto pembeni. Mkunga gani huyo asiye na mtoto?"