Madirisha Ishirini na Manne

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kazi imeanza. Kanisa jipya la kigango chetu cha Goba, kwa kadibodi, kipimo moja kwa mia. Jumapili Baba Paroko atachagua la kuonyesha wageni siku ya harambee: langu au la Albano. Atakayeshinda ataingia Kamati ya Ujenzi. Nilikuwa humo hadi Noeli iliyopita, pango nililolijenga lilipomwangukia mmoja wa Mamajusi. Wakanitoa, wakamweka Albano. Fundi simu!

Madirisha ni ishirini na manne, kila moja upana wa milimita kumi na mbili. Mlango nimeuacha mwisho, ndio rahisi. Nimeanza kwa wembe. Dirisha la kwanza limekuwa kama limetafunwa na panya. Dirisha la pili nimekata kidole gumba. Nimesimamisha kazi. Sababu: zana. Fundi hana kosa.

Nimeona kwenye simu kisu kinachotakiwa. Mpini mwembamba kama kalamu, ncha kali kama ulimi wa nyoka. Watu wanaounda ndege na meli ndogondogo hutumia hicho. Kesho nakipata.

Jumanne, 10 Juni

Kariakoo, baada ya kazi. Maduka kumi na moja ya vifaa vya ofisi. Yote yana visu vya kufungulia maboksi. Duka la kumi na mbili, muuzaji akaitazama picha, akacheka. Akasema braza, hivi mbona wanavyo mafundi simu, wewe unatokea wapi? Nikasema Goba. Akasema basi umetoka kwenye maji ukaja kuomba maji, Goba kuna mteja wake mwenye kibanda cha kijani, wiki iliyopita alichukua seti nzima.

Nikasema simfahamu.

Kibanda cha Albano ni cha kijani.

Jumatano, 11 Juni

Duka la dawa. Wana nyembe za upasuaji, ncha safi kabisa. Binti wa dukani, beji yake imeandikwa Lulu, aliuliza mgonjwa ni nani. Nikasema hakuna mgonjwa, ni kanisa. Akauliza tena, polepole. Nikasema usiogope, ni madirisha tu. Akaingia ndani, akarudi na bosi wake.

Nyembe nimepata. Mipini hawana. Nimeufunga mmoja kwenye kalamu ya wino kwa plasta. Mkato wa tatu ukageuka na kuchora mstari mrefu juu ya meza ya harusi yetu, ile aliyotuzawadia baba mkwe.

Mke wangu Tekla ameuliza kwa nini nisimwombe Albano, jirani yetu, tena jumuiya moja. Nimemweleza kwa kirefu kuhusu heshima ya mwanamume. Amesema wali unapoa. Halafu akanikumbusha kwamba Jumamosi jumuiya inasali hapa kwetu.

Nimeifunika meza kwa kitambaa.

Alhamisi, 12 Juni

Faraji wa ofisini, mtu wa Mtoni, alinisikia nikilalamika. Akasema mjomba wake, Mzee Bakari, ana visu vidogo kuliko vyote Temeke. Sikuuliza ni vya kazi gani. Kisu ni kisu.

Nimefika Mtoni saa kumi jioni. Nikavua viatu mlangoni, nikatoa shikamoo. Mzee mpole sana. Nikamwambia natafuta kisu kidogo, kazi yenyewe ni ya uangalifu, lazima iishe kabla ya Jumapili, na mke wangu asijue.

Akanitazama juu hadi chini. Akauliza umri wangu. Arobaini na moja. Akatikisa kichwa, akasema, "Usione haya, mwanangu. Mwaka juzi alikuja mmoja ana wajukuu." Akamwita mkewe, Bi Tunu, abandike maji. Akatandika kanga safi mkekani. Kisha akanielekeza nilale chali, akaanza kunisimulia jinsi ya kukaza meno.

Ngariba! Mzee Bakari ni ngariba mstaafu! Na mimi nilishapita huko nikiwa na miaka tisa!

Nimekimbia hadi Barabara ya Kilwa. Viatu vimebaki Mtoni.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kazini na viatu vya harusi. Vinabana vibaya. Natembea taratibu, miguu nimeitanua.

Ofisi nzima imekuwa na upole wa ajabu. Faraji ameniwekea mto kwenye kiti. Mhasibu amenibebea faili. Bosi amesema nikitaka kuondoka mapema, niondoke tu. Hatimaye wametambua mchango wangu. Nimeondoka mapema.

Mpango mpya, huu sasa ni wa kisayansi. Nimeichovya simu yangu kwenye ndoo kwa dakika mbili, nikihesabu kwa saa ya ukutani. Nimeipeleka kwa Albano. Akaifungua. Pembeni yake, ndani ya kikombe, kama miswaki: visu sita! Mipini ya buluu!

Nikauliza, kama mtu asiye na haja, hivyo navyo ni vya nini. Akasema, "Chukua kimoja, kaka Didas, mbona viko vingi?" Nikamwambia nina vyangu, vimeagizwa nje. Akasema haya. Alipogeuka kuchukua pasi ya kuunganishia nyaya, nikatia kimoja kwenye soksi.

Simu imepona. Amekataa malipo. Mtu huyu ana dharau.

Mpaka magharibi nimekata madirisha ishirini na matatu. Kama kukata siagi! Tekla amenipikia supu ya kongoro bila kuombwa. Akanipapasa bega. Naona kanisa limemgusa.

Jumamosi, 14 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye dirisha la ishirini na nne. Jumuiya wakabisha hodi mapema. Nikasukuma kanisa chini ya meza, kisu nikakificha chini ya kitambaa cha kochi.

Rozari ilikwenda vizuri. Zikafika nia za maombi. Mama Bernadeta, mwenyekiti wetu, aliwaombea wagonjwa na wale walio na maumivu yasiyosemeka. Alinitazama. Kisha Albano akafumba macho, akasema kisu chake kidogo chenye mpini wa buluu kimepotea, aliyekiokota Mungu ambariki nacho, kimsaidie katika kazi yake. Ee Bwana.

"Twakuomba utusikie," nikaitika kwa sauti kuliko wote. Tulikuwa tumesimama. Tukaketi.

Niliketi penye kisu.

Yowe lilitoka lenyewe. Damu kwenye suruali. Nilitegemea kuulizwa maswali, nilikuwa na majibu matatu tayari. Hakuna aliyeuliza. Wanaume walitazama chini. Mama Bernadeta akamwambia Tekla maji ya chumvi, ya vuguvugu. Albano akanishika mkono, akasema, "Pole, kaka. Hata ukubwani, ni jambo la kheri."

Kumbe Faraji alimpigia Tekla tangu Ijumaa mchana, kumwomba asiniruhusu kubeba ndoo.

Nimemweleza Tekla ukweli wote. Tekla, ambaye nimezaa naye watoto watatu, amesema, "Najua, mume wangu, najua." Na amecheka mpaka akakaa sakafuni.

Jumapili, 15 Juni

Sikukuu ya Utatu Mtakatifu. Nimeshiriki Misa nzima nikiwa nimesimama.

Makanisa mawili mbele ya altare. La Albano boksi tupu, madirisha sita. Langu, ishirini na manne, mwanga ukipenya kila upande. Waumini wakapiga vigelegele. Baba Paroko akainama, akalizunguka langu mara mbili. Akauliza waumini wanaingilia wapi.

Mlango. Sikukata mlango.

Baba Paroko akasema la Didas lina mwanga, la Albano lina mlango, na yeye anajenga kwa ajili ya watu wanaoingia. Wamecheka hadi wanakwaya. Kamati imebaki ilivyo.

Nje nikamrudishia Albano kisu chake, nikasema nimekiokota njiani. Akasema, "Kaa nacho, kaka." Mwezi ujao inatakiwa nyumba ya mapadre, kwa kadibodi, atafurahi nimsaidie. Nikakikataa mbele ya watu wote. Mimi si mtu wa kuchukua vitu vya wenzangu.

Nyumba ya mapadre ina madirisha thelathini na mawili. Nimeyahesabu kwenye ramani.

Kesho simu ya Tekla itaharibika. Ndoo nimeshaijaza.