Mkuu wa Chetezo

Kama maneno yangelipiwa ushuru, Daktari Chuang angekuwa amefilisika zamani. Lakini maneno ni bure, na yeye aliyauza bei ya kuruka. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye kibanda cha wali wa bata mjini Beigang, mkoba mweusi kaubana katikati ya miguu, akawasikia madereva wawili wa kiwanda cha mafuta ya karanga wakiteta meza ya jirani.

"Kuna watu wanajaza mafuta feki kwenye chupa zenye nembo yetu," alisema mmoja. "Bosi halali usiku."

"Muache akeshe. Hela anazo, usingizi atanunua."

Chuang akaweka kijiko chini. Wapo watu ambao wakisikia mwenzao halali huingiwa na huruma. Chuang aliingiwa na njaa upya.

Mfukoni alikuwa na kadi zenye nembo na maandishi ya dhahabu: Daktari Chuang, Mtaalamu wa Kupanga na Kuendeleza Masuluhisho ya Blokcheni kwa Biashara. Udaktari alitunukiwa na mchapishaji wa kadi, kama nyongeza kwa mteja aliyechukua nyingi. Tayari alikwishawauzia blokcheni mafundi miavuli wa Changhua, na mfugaji mmoja wa Yilan ambaye hadi leo hufungua simu kila asubuhi kuona kama bata wake wamesajiliwa. Mavuno yote yalikuwa mkobani, noti juu ya noti. Mtu huyu aliyehubiri kutwa kwamba blokcheni ni salama kuliko benki, hela zake mwenyewe hakuikabidhi benki wala blokcheni. Alizikalia. Alitaka mzoga mmoja wa mwisho, kisha anunue nyumba ya wageni kule Kenting, atie miguu baharini na kuwacheka bata kwa mbali.

Mwenye kiwanda, Mama Hsueh, alimpokea siku iliyofuata. Alikuwa mjane mfupi, miwani ikining'inia kifuani, na alimmiminia chai mfululizo hadi Chuang akaanza kukaa kwa tabu.

"Blokcheni, Mama Bosi, ni daftari," alianza Chuang kwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni. "Ila si la kufungiwa kabatini. Kila mtu ana nakala yake. Jambo likiandikwa, limeandikwa kwa wote. Ukilifuta kwako, liko kwa wenzako. Hata mimi siwezi kulifuta. Hata serikali."

"Kila mtu ana nakala," alisema Mama Hsueh taratibu.

"Kila mtu."

"Na anayeandika ni nani?"

"Wafanyakazi wako."

"Wakiandika uongo je?"

Swali hilo mafundi miavuli hawakuliuliza. Chuang akamtazama vizuri, akanusa, akatabasamu. "Basi uongo huo, Mama Bosi, hautafutika milele."

Macho ya mjane yakang'aa. Maana chupa feki za mjini hazikuwa shida yake kubwa. Shida ni kwamba katika chupa zake mwenyewe, zile halali, karanga ilikuwa mgeni na soya ndiyo mwenyeji.

"Kwa hiyo tukiandika karanga tupu?"

"Itakuwa karanga tupu mpaka kiama."

"Mwanangu," alisema Mama Hsueh, akimmiminia tena, "ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Hakuna kitu kinachogusa moyo kama kuona wezi wawili wakikubaliana juu ya uaminifu. Chuang alikwishatoa kalamu. Mama Hsueh akaisukuma pembeni.

"Sisaini kitu bila kumuuliza Babu."

Babu ndiye Babu wa Ardhi, mlinzi wa biashara zote za mtaa ule, mwenye hekalu lake dogo karibu na kiwanda. Huulizwa kwa vibao viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mwandamo, bapa upande huu na mbinuko upande ule. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, Babu kakubali. Vyote chali, anacheka. Vyote kifudifudi, kakataa.

"Akubali mara tatu mfululizo," alisema Mama Hsueh. "Keshokutwa ni sikukuu yake. Utatupa mwenyewe."

Chuang aliwahi kudanganya wahasibu, mapolisi na wake wawili, lakini hajawahi kudanganya mbao. Kesho yake akamwendea mtunza hekalu, Mzee Kuo, ambaye mdomo wake ulikuwa mwekundu kwa tambuu, akamwekea boksi la sigara mezani.

"Mzee wangu, mkono huu una mikosi."

"Mikosi ina dawa," alisema Mzee Kuo, macho kwenye sigara. Akavuta mtoto wa meza na kutoa vibao vingine. "Hivi vimetiwa risasi ndani. Hata ukivitupa mtoni vitasema ndiyo."

"Na Babu hatakasirika?"

"Babu mtu mzima. Ameona mengi."

Chuang akaondoka akipiga mluzi. Hakuuliza Mzee Kuo ni ndugu wa nani, na huo ni uvivu usiosameheka kwa mtu wa kazi yake.

Siku ya sikukuu mtaa mzima ulifurika mbele ya hekalu. Wenye maduka walitangulia kutupa vibao vya hekalu, mmoja baada ya mwingine, haraka haraka kama watu wanaoshika chungu cha moto. Kinyozi alipata ndiyo moja, ya pili ikamkataa, akashukuru kwa sauti. Muuza tofu alipata mbili, mke wake akashika kifua. Ya tatu Babu alipocheka, mke naye akacheka huku machozi yakimtoka. Chuang aliyaona yote hayo akasema moyoni, washamba hawa wanamwogopa mungu wao. Mtoto wa ghorofani Taipei, asiyejua hata jina la jirani yake, angejuaje?

"Piga magoti, Daktari," alisema Mama Hsueh. "Jitambulishe kwa Babu. Jina lako, siku uliyozaliwa, na nyumbani kwenu. Jina la kweli, tafadhali. Babu hapokei kadi."

Hapa ndipo mjanja alipokwisha. Angeweza kutaja jina lolote. Lakini alilelewa na bibi aliyemfundisha kufukiza udi kabla ya kumfundisha kuvaa viatu, na bibi alisema ukimpa mungu anwani ya uongo, baraka zitakwenda kwa mwingine na laana itakutafuta wewe. Walimwengu aliwadanganya wote. Mbinguni hakuthubutu. Akanong'ona.

"Sauti, mwanangu," alisema Mzee Kuo. "Masikio ya Babu yamezeeka."

"Mimi ni Liao Wen-pin!" alipaza. Akataja siku yake ya kuzaliwa. "Naishi kwa mama yangu, Taipei, Wanhua, nyuma ya soko, ghorofa ya nne!"

Mama Hsueh hakushtuka hata kidogo kusikia Chuang kawa Liao. Mtu makini angetimka pale pale. Mjane aliwasha udi, akamnong'oneza Babu swali lake, kisha akampisha mgeni. Mzee Kuo akampa vibao vyao vya risasi.

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Liao akataka kuinuka. "Endelea!" umati ukapiga kelele. "Endelea, Daktari!" Sifa ni ugonjwa. Akatupa ya nne, ya tano. Wanawake wakapiga makofi. Ya saba wazee wakasimama. Tayari alikuwa akipandisha bei ya mkataba kichwani. Ilipotimia ya tisa fataki zikalipuka, akavishwa kitambaa chekundu, na mikononi akapachikwa chetezo cha shaba kizito kama dhambi.

"Hongera, Mkuu wa Chetezo!"

"Mkuu wa nini?"

Kinyozi ndiye aliyemweleza, kwa furaha ya mtu aliyenusurika. Kila sikukuu, anayepata ndiyo nyingi kuliko wenzake hukitunza chetezo cha Babu mwaka mzima, na jioni ileile mtaa mzima hula, hunywa na kutazama vikaragosi kwa gharama yake. "Mwaka jana nilikuwa mimi, kwa ndiyo nne tu. Pikipiki yangu iliuzwa. Wewe umepata tisa! Babu anakupenda."

"Lakini tuliuliza habari za mkataba!"

"Wewe uliuliza mkataba," alisema Mama Hsueh. "Mimi nilimuuliza Babu nani ana uwezo wa kutulisha. Mtu anayekula na mkoba, anakunywa chai na mkoba, anapiga magoti na mkoba, huyo uwezo anao."

"Huu ni wizi! Vibao hivi vime..."

Mzee Kuo akatema tambuu. "Vime nini, mwanangu?"

Liao akautazama umati, na vijana waliokuwa bado wameshika fataki. "Vimenipendelea."

"Shemeji," Mama Hsueh akamwambia Mzee Kuo, "waite wapishi."

Mkoba ukafunguliwa. Mpishi alikuja, akafuata mwenye vikaragosi, akafuata mwenye fataki. Liao alishuhudia miavuli ikigeuka nguruwe wa kuokwa, na bata wakirudi kuwa bata. Nyumba ya Kenting ikaliwa na supu ya kamba. Alipojaribu kupenya kwenye kona, muuza tofu akamsalimia: "Mkuu Liao! Unawahi Wanhua?" Kona ya pili watoto walikuwa wakiimba, ghorofa ya nne, ghorofa ya nne.

Akarudi kwa Mama Hsueh, macho mekundu. "Na nikikimbia na hiki chetezo?"

"Kila mtu hapa ana nakala yako, mwanangu. Futa ukiweza."

Jioni teksi ikasimama, akashuka bibi kizee amebeba machungwa. Mama Hsueh alikwishampigia simu jirani wa Wanhua, namba kapewa na watu wa soko. Mama yake Liao aliona kitambaa chekundu, akaona chetezo, akalia kwa furaha mbele ya watu wote. "Nilimwambia marehemu baba yako! Nilimwambia, huyu si mwizi!"

Liao, ambaye hajawahi kuona haya maishani mwake, aliona haya. Akainama kumwekea mama yake chakula, akashika chupa ya mafuta ya karanga iliyokuwa mezani, akaisogeza kwenye taa. Kwenye karatasi yake mpya, chini ya picha ya karanga tatu nono, kulikuwa na nembo yake yeye, imenakiliwa kutoka kwenye kadi, na maneno: Imethibitishwa kwa Blokcheni.

"Mama Bosi!" alifoka kwa kunong'ona. "Hukunilipa hata senti! Hakuna blokcheni yoyote humu!"

Mama Hsueh akammiminia chai.

"Najua, mwanangu. Kwani wewe ulikuwa nayo?"