Herufi Nene za Citoyen Bisimwa

Bukavu, Kadutu
Machi 1974

Kwa Citoyen Bisimwa, mwenye nyumba ya kuchapa matangazo

Citoyen Mkuu,

Kwa heshima zote, na nikiwa na akili timamu ingawa koo limekauka, nakuandikia kuzishitaki herufi zako. Wewe sikushitaki. Wewe ni mtu mwema, na tuliimba kwaya moja wakati bado naitwa Évariste, kabla serikali haijatuamuru tuache majina ya Kizungu na kuitana Citoyen. Nazishitaki zile herufi nene ulizoleta mwaka jana, zile zinazojaza afishi, yale matangazo yako ya ukutani, kutoka ukingo hadi ukingo.

Mimi, kama unavyojua, ni Cirimwami, mtangazaji. Zamani mtu akifiwa, mbuzi akipotea, au salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ikipangwa, watu waliniita mimi, nami nilipita mitaani na tarumbeta yangu ya bati mpaka mbwa wakanijibu. Siku hizi wanakuja kwako. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Umbo lenyewe halina adabu. Herufi ya kawaida ina sehemu nyembamba na sehemu nene, kama mtu mwenye shingo na kiuno. Hizi zako ni nene kichwani, nene tumboni, nene chini, na kila mguu umevaa kitu kama tofali. Ukizisukuma hazianguki. Nasema hivyo kwa sababu nilijaribu kuisukuma afishi moja ukutani, na watu wakaniona.

2. Hazichoki. Padri alipotaka watu waje kwenye sherehe ya kwaya, alikupa wewe kazi na mimi pia, ili kila mtu apate habari. Nikaamua kushindana. Nilisimama sokoni mbele ya afishi yako nikapiga kelele asubuhi nzima. Watu walikusanyika, nikafurahi. Halafu mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akaniambia kwa upole, "Muzee, sogea kidogo, unatufunika." Nilisogea. Jioni sauti yangu ilikuwa imekwisha kabisa, na herufi zako bado zinatangaza. Mvua ilinyesha. Nilifurahi tena, nikijua karatasi itachanika. Karatasi ililowa, lakini kutoka ng'ambo ya barabara bado uliweza kusoma KWAYA. Mimi ndiye niliyekohoa wiki nzima.

3. Zimeingia nyumbani mwangu. Maman Euphrasie, mke wangu, aliokota nyuma ya nyumba yako karatasi iliyoharibika, nadhani ya ghala la kahawa, akaibandika kwenye mlango wa jikoni kuziba tundu. Imeandikwa MARUFUKU KUINGIA. Nilimweleza kwamba maneno yale hayatuhusu, kwamba mimi ndiye baba wa nyumba hii. Akajibu, "Basi ingia, papa." Citoyen, sikuingia. Nilitazama ile M kubwa na miguu yake, nikasema sina njaa sana. Mpaka leo chakula napelekewa nje.

4. Hili ndilo kubwa. Unakumbuka mechi ya timu yetu na vijana wa Kavumu. Rais wa timu aliniambia ni Jumamosi, nami nikatangaza Jumamosi, mtaa kwa mtaa, bila kukosea hata neno. Afishi yako, kwa bahati mbaya ya mchapaji, ikasema Jumapili. Nilicheka peke yangu, nikasema leo ndipo watajua nani mkweli. Jumamosi nilifika uwanjani mapema. Niliwakuta ng'ombe wawili na mwenye ng'ombe, naye hakuja kwa mechi. Jumapili walikuja watu wote, na wachezaji, na mwamuzi, na vijana wa Kavumu wamejaa kwenye kamio la mizigo. Rais wa timu naye akaja, yule yule aliyenipa habari ya Jumamosi. Nilipomkumbusha, akanitazama kwa huruma. "Cirimwami," akasema, "angalia hii herufi iko inasimama namna gani. Inaweza kudanganya?"

Utaniuliza nilijuaje yaliyotokea Jumapili. Nilikwenda. Jumamosi jioni, nikirudi, nilipita mbele ya afishi, nikaisoma mara mbili, nikaanza kujitilia shaka.

Kwa sababu hizo naomba, bila hasira, mambo haya. Herufi nene zibaki kwenye magunia ya kahawa na masanduku ya majani ya chai, vitu ambavyo havina masikio. Mechi, ndoa na misiba vichapwe kwa zile herufi nyembamba zilizolala kidogo, ambazo mtu anapaswa kuzisogelea, na akishindwa kuzisoma aniite mimi. Kama haiwezekani, basi chukua tupa ukazipunguze miguu.

Niwie radhi kwa maneno marefu. Ndiyo kazi yangu. Uwasalimie nyumbani, maman Eulalie na watoto, wafanyakazi wako wote, hata yule aliyeandika Jumapili. Uwasalimie na jamaa zetu wa Idjwi wakivuka ziwa.

Mimi ndugu yako katika mji huu,
Cirimwami, mtangazaji

N.B. Nimesikia mtu wako wa kubandika afishi amekwenda Luhwindja kutafuta dhahabu. Kuta zote za Kadutu nazijua, hata zile zisizopigwa na mvua. Naweza kuanza Jumatatu. Maman Euphrasie amekwisha kuweka gundi ya unga wa muhogo motoni.