Ombi la Kubadilishana Chumba na Nguruwe

Chumba cha uani,
Mogitu, Hanang.
Julai 1983

Ndugu Baba Isidori,

YAH: MADAMU HAWEZI KUGEUKA

Shikamoo. Najua uko sebuleni unakunywa chai, lakini kidato cha pili tumefundishwa barua rasmi, na mbele yako mdomo wangu haufunguki.

Kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila jioni ya likizo naenda bandani kumsomea nguruwe wetu insha zangu za Kiingereza. Ni yeye tu ambaye mbele yake sishikwi na kigugumizi. Nilimwita Madamu kwa sababu ananitazama kama mwalimu wetu wa Kiingereza, ila yeye hanisahihishi.

Malalamiko ni haya:

1. Banda ulilijenga jembamba kwa ushauri wa jirani yetu Nicodemo, aliyesema, "Nguruwe akitembea, anatembea na mafuta yako!" Nicodemo mwenyewe anatembea kila siku hadi kilabuni na hajapungua.

2. Madamu ana mimba na siku zake zimefika. Mwaka jana aliwalalia watoto wote, ukasema ni bahati mbaya. Baba, angeonaje anamlalia nani, na kugeuka hawezi?

3. Wewe unaendesha mashine ya kuvuna kwenye shamba la ngano la serikali. Kikaoni ulisimama ukalalamikia kabini: "Mtu mzima hata kujigeuza hawezi!" Ukapigiwa makofi. Madamu hana kikao.

4. Bwenini tunalala wawili kitanda kimoja, lakini tukikubaliana tunageuka pamoja. Madamu akubaliane na nani?

Kwa hiyo naomba tubadilishane. Yeye achukue chumba changu, mimi nihamie bandani. Mwili wangu ni mdogo, uji wa shule umeshanizoeza pumba, na kanisani sijawahi kugeuka nyuma. Tena wageni wakija, hakuna atakayeniita nitoke nikawaamkie. Kusema kweli naona nitanenepa.

Nisalimie Mama, Bibi na mdogo wangu Tadei, ingawa tutaonana kwenye ugali. Hata Nicodemo msalimie.

Ni mimi bintiyo mtiifu,
Fabiola Isidori

N.B. Baba, nimeshamhamisha. Mchana ulipokuwa kazini nilimwachia chumba kizima. Akazunguka mara moja, akavuta shuka langu la shule, akaenda kujibana kati ya kitanda na ukuta, mahali pembamba kuliko banda lako. Hageuki, na nikimsukuma ananikoromea. Basi futa malalamiko yote, isipokuwa la pili. Hilo bado lipo, ndiyo maana nimekaa hapa sakafuni namsubiri kila anayetoka nimvute pembeni.

Nasikia viatu vyako vinakuja. Siku zote nikiandika, karatasi naificha chini ya godoro. Leo siifichi. Sukuma mlango taratibu, Baba: wa kwanza ameshazaliwa, nimemlaza hapo nyuma ya mlango.